Kalunguyeye na Ngome Yake ya Miiba: Soma Kabla Hujawasha Moto Shambani

Msimu wa kutayarisha mashamba umewadia tena. Panga zimenolewa, vichaka vya mipakani vinafyekwa, na majani makavu yanakusanywa marundo marundo yakisubiri kiberiti. Makala haya ya elimu ya mazingira yanamhusu mnyama mdogo ambaye huenda amelala ndani ya mojawapo ya marundo hayo. Yameandikiwa wakulima kwanza, lakini walimu na wanafunzi wa vyama vya mazingira shuleni watapata humo somo la kutosha kipindi kimoja, pamoja na kazi ya kufanya usiku.

Mwaka jana mzee mmoja alifika katika ofisi yetu ya wadi akiwa amebeba debe lililofunikwa kwa gunia. "Nimewaletea mtoto wa nungunungu," akasema. "Mama yake amemaliza viazi vyangu, sasa niambieni nimfanyie nini." Tulipofunua debe tuliona mpira wa miiba, mdogo kuliko nazi, hauna kichwa wala mguu. Tukaweka debe chini ya meza na kunyamaza. Baada ya kama robo saa pua ndogo nyeusi ilichomoza, ikanusa, ikarudi ndani. Ikachomoza tena. "Mzee wetu," mwenzangu akamwambia, "huyu si mtoto. Ni kalunguyeye, na katika ukoo wake ni mtu mzima kabisa. Viazi vyako hajavigusa."

Mzee alicheka, lakini alikiri kwamba wawili wa aina hiyo alikuwa amewaua kwa jembe mwezi uliotangulia.

Kosa hilo hufanywa na wengi, kwa hiyo tuanzie hapo. Nungunungu ni mgugunaji kama panya. Ana meno marefu ya mbele ya kutafunia mizizi na mashina, anaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 20, na miiba yake ya mgongoni hupita sentimita 30. Huyo ndiye mwenye kesi ya viazi na mihogo. Kalunguyeye hahesabiwi miongoni mwa wagugunaji. Jamaa zake wa karibu ni virukanjia, wale wanyama wadogo wenye pua ndefu na harufu kali. Uzito wake mara nyingi ni kati ya gramu 250 na 600, kwa hiyo ukimwinua utahisi kama umebeba pakiti ya nusu kilo ya sukari. Urefu wake ni takriban sentimita 20, na miiba yake haifiki sentimita 2. Uso na tumbo vina manyoya laini meupe. Nyayo za nyuma zina vidole vinne tu, na ndiyo sababu wataalamu humwita kalunguyeye wa vidole vinne. Jina lake la kisayansi ni Atelerix albiventris, na neno hilo la pili maana yake ni mwenye tumbo jeupe. Anapatikana katika nyika na mbuga za nyasi kuanzia Senegali hadi huku kwetu Afrika Mashariki, na kusini hadi karibu na mto Zambezi.

Chakula chake kikuu ni wadudu: mchwa, mbawakawa, viwavi, jongoo, na vilevile konokono na minyoo. Akipata kifaranga cha ndege kilichoanguka, yai, chura au nyoka mdogo, hakatai. Hutoka usiku, na anaweza kutembea zaidi ya kilomita moja kabla ya alfajiri akinusa huku na huku. Hatutawadanganya kwamba atawamalizia viwavijeshi. Mnyama wa nusu kilo hawezi kusafisha ekari moja ya mahindi. Lakini kila anachokula usiku ni kitu ambacho mkulima angefurahi kisiwepo, na hadai malipo yoyote.

Mwiba umejengwaje?

Mwiba wa kalunguyeye ni unywele uliobadilika. Umetengenezwa kwa keratini, protini ileile iliyo katika kucha zetu, kwato za ng'ombe na pembe ya kifaru. Ndani yake mna uwazi uliogawanywa kwa vijiukuta vyembamba, na hivyo ni mwepesi lakini haukunjiki ovyo ukavunjika. Karibu na ngozi, mwiba unakuwa mwembamba kama shingo, kisha chini ya ngozi unaishia na kifundo cha mviringo. Mpangilio huu una kazi yake. Mwiba ukigandamizwa kwa nguvu kutoka juu, shingo hiyo hupinda na kifundo huuzuia usizame katika mwili wa mwenyewe. Kalunguyeye akianguka kutoka kwenye ukuta wa mawe, miiba hupokea kishindo kama springi, na mara nyingi huinuka akaendelea na safari yake.

Kalunguyeye wa Ulaya aliyekomaa hukadiriwa kuwa na miiba kati ya 5,000 na 7,000. Huyu wetu ni mdogo kuliko yule, lakini naye hubeba maelfu. Miiba haina sumu wala ndoano, na haing'oki kirahisi. Wala hairushwi kama mishale, kama tulivyokuwa tukiambiwa utotoni. Kwa kweli hata nungunungu harushi. Ya kwake hung'oka kwa urahisi inapomgusa adui, na mbwa aliyerudi nyumbani na miiba usoni huwa alijisogeza mwenyewe.

Miiba peke yake haitoshi. Nguvu ya kalunguyeye iko katika ngozi na misuli. Ngozi ya mgongo wake ni pana kuliko mwili unavyohitaji, kama koti la baba alilovaa mtoto. Kuizunguka ngozi hiyo pembeni, kuanzia paji la uso, ubavuni hadi nyuma, kuna msuli mnene wa mviringo. Mnyama akishtuka, kwanza misuli mingine huvuta ngozi ishuke juu ya kichwa na juu ya makalio. Halafu msuli wa mviringo hujikaza. Fikiria gunia la viazi linavyofungwa mdomo kwa kamba: ukivuta, mdomo unafumba na vilivyomo havionekani tena. Kichwa, miguu, tumbo na mkia vyote vimo ndani ya gunia. Wakati huohuo misuli midogo iliyo kwenye mashina ya miiba huisimamisha, mmoja ukielekea huku na mwingine kule, ikapishana kama vijiti vya kiota. Hakuna pembe ambayo pua ya bweha inaweza kuingia bila kuchomwa.

Anaweza kubaki hivyo kwa muda mrefu bila kuchoka sana. Mbwa hubweka mpaka sauti inakauka, mwenye mbwa anatoka na tochi, na kile kimpira bado kipo palepale.

Wanafunzi huuliza swali ambalo sisi wazee tunaliepuka: mama anawazaaje watoto wenye miiba? Mimba huchukua kama siku 35, na kwa kawaida huzaliwa wanne au watano. Wanapozaliwa miiba yao iko chini ya ngozi iliyovimba kwa majimaji, kwa hiyo haimdhuru mama. Katika saa chache maji hayo hunyonywa na mwili, ngozi husinyaa, na miiba mieupe iliyo laini hutokeza. Uwezo wa kujikunja hauji siku hiyo. Misuli huhitaji wiki kadhaa, na katika muda huo watoto hawana kinga nyingine ila maficho aliyochagua mama yao.

Kabla ya kujikunja, na baada yake

Kujikunja ni hatua ya mwisho. Kwanza kalunguyeye hujitahidi asionekane, ndiyo maana hupenda giza na mahali penye nyasi, majani au mawe. Macho yake hayaoni vizuri, lakini pua na masikio ni hodari. Akihisi hatari husimama kimya, huteremsha miiba ya paji la uso juu ya macho kama mtu aliyevuta kofia, na kusubiri. Ukikaribia zaidi atafoka kwa pumzi za haraka. Sauti hiyo hufanana na ya nyoka, au tairi la baiskeli linapotolewa upepo, na wengi huishia hapo wakarudi nyuma. Akiguswa huruka juu kidogo kwa ghafla ili miiba imchome adui puani. Ni hapo tu, mambo yakizidi, ndipo hufunga gunia.

Kuna tabia yake moja ambayo imewatisha watu wengi. Akikutana na kitu chenye harufu kali au ngeni, hukitafuna mpaka povu jeupe linamjaa mdomoni, kisha hugeuza shingo na kujipaka povu hilo kwenye miiba ya mgongo. Aliyemwona kwa mara ya kwanza hudhani ana kichaa cha mbwa. Hana. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Edmund Brodie, alichapisha katika jarida la Nature maelezo ya kalunguyeye waliotafuna ngozi na tezi za sumu za chura wa nchi kavu na kujipaka povu lake. Watu waliojitolea kuchomwa kwa miiba iliyopakwa hivyo walisikia maumivu na mwasho zaidi kuliko waliochomwa kwa miiba mitupu. Hata hivyo kalunguyeye hujipaka pia vitu visivyo na sumu yoyote, kama sabuni na ngozi ya kiatu, na wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Maoni yangu ni kwamba mnyama anaweza kuwa na sababu zaidi ya moja, kama sisi tunavyojipaka manukato.

Kuhusu nyoka, watu husema kalunguyeye hafi kwa sumu. Hilo ni kweli nusu. Katika misuli ya kalunguyeye wa Ulaya imepatikana protini iitwayo erinasini inayozuia baadhi ya kemikali za sumu ya nyoka zinazosababisha kuvuja damu. Inampa ustahimilivu, haimpi kinga kamili. Kinachomsaidia zaidi ni miiba, kwa sababu meno ya nyoka huishia hewani kabla ya kufika kwenye nyama. Moma akimpata usoni au tumboni anaweza kumuua vilevile.

Adui wanaomweza wapo. Anayejulikana zaidi ni yule bundi mkubwa kuliko wote Afrika, mwenye kope za rangi ya waridi, ambaye huishi pia katika miti mirefu ya kando ya mito yetu. Vidole vyake ni virefu na magamba yake ni magumu, kwa hiyo hukamata mpira wa miiba, hupata pa kuingiza kucha, kisha humchuna kalunguyeye na kuacha ngozi yenye miiba chini ya mti. Ukikuta ngozi hiyo, usimtafute mchawi. Tazama juu.

Pale ngome inaposhindwa

Kinga ya kalunguyeye imejengwa juu ya wazo moja: simama, jikunje, subiri. Dhidi ya meno na kucha limefaa kwa vizazi visivyohesabika. Kwa mambo tuliyoyaleta sisi, wazo hilohilo ndilo linalomuua.

La kwanza ni moto. Sungura akisikia moshi hukimbia. Kalunguyeye hujikunja. Na kuna jambo linaloongeza hatari. Katika miezi mikavu, chakula kinapopungua, anaweza kulala usingizi mzito kwa siku nyingi, mwili ukiwa umepoa na mapigo ya moyo yamepungua, ili asitumie akiba ya mafuta aliyo nayo. Kumwamsha katika hali hiyo huchukua muda. Mahali anapopenda kulala ni chini ya majani makavu, nyasi zilizolazwa, matawi na magogo. Sasa linganisha na kalenda ya mkulima: tunafyeka na kukusanya mwishoni mwa kiangazi, rundo linakaa wiki moja au mbili likauke, kisha tunaliwasha jioni moja kabla ya mvua. Kwa mnyama huyu tumejenga nyumba nzuri, tukamwachia muda wa kuhamia, halafu tukaichoma.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu shilingi. Usiwashe rundo lililokaa. Lihamishe siku ileile ya kuchoma, kwa uma au mti mrefu, ukiinua kutoka chini na kutazama, kisha choma mahali palipo wazi. Usichome panga au jembe ndani ya rundo bila kuona. Afadhali zaidi, usichome kabisa. Majani hayo yakitandazwa kati ya mistari ya mahindi hutunza unyevu, au yakiachwa yaoze huwa mboji, na maafisa wa ugani wa wadi watakuonyesha namna ya kuyapanga. Ukikuta watoto ndani ya kiota, rudisha majani, ondoka, na uliache rundo hilo kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Mama aliyesumbuliwa sana huweza kuwatelekeza au hata kuwala.

La pili ni barabara. Taa za gari na mtetemo wa lami ni hatari asiyoifahamu, naye husimama katikati akainamisha paji la uso. Ndugu zetu wa bodaboda ndio wanaotembea saa hizo kuliko wote. Ukipita penye nyasi ndefu baada ya mvua ya kwanza, wakati kumbikumbi wanaruka na kalunguyeye wanatoka kula, punguza mwendo kidogo. Utajiokoa na mengine pia.

La tatu ni nyua na mashimo. Nchini Uingereza, ambako idadi ya kalunguyeye imepungua, wenye nyumba huombwa waache tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya ua ili wapite kutoka bustani moja hadi nyingine. Kwetu tundu kama hilo chini ya ukuta wa mawe lingefaa vilevile. Uzio wa umeme ni jambo zito zaidi. Tumeona mfano kwa kakakuona, ambaye naye hujikunja akiguswa: akipigwa na waya wa chini hujizungushia waya huohuo, na kila mpigo unamfanya akaze zaidi. Katika msitu wa Nyakweri, Kaunti ya Narok, uzio wa aina hiyo umekuwa tishio kwa kakakuona wakubwa, na kuondoa au kuzima nyaya za chini ndiyo njia iliyotumika kuwaokoa. Wenye mashamba wanaopanga uzio wa umeme wafikirie urefu wa waya wa kwanza kutoka ardhini. Na kama umechimba shimo la choo au la taka ambalo bado halijakamilika, lifunike usiku, au uegemeze ubao mmoja wenye mikwaruzo ili aliyeanguka aweze kupanda.

La nne ni mikono yetu. Mnyama asiyekimbia ni rahisi kuokotwa, na siku hizi wapo wanaomchukua akamfuge au amuuze mjini. Ni kweli kwamba Marekani na Ulaya hufugwa kalunguyeye wa ukoo huu wa Afrika, lakini wale wamezaliwa kwa wafugaji. Hapa Kenya ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumweka nyumbani au kumuuza bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa. Kuna na sababu nyingine. Aliyefungiwa na kulishwa ovyo hunenepa hadi gunia lile haliwezi kufunga mdomo, na akiachiliwa huwa hana tena kinga. Maziwa ya ng'ombe, ambayo watoto wetu hupenda kumpa kwa huruma, humharisha na huweza kumuua. Naye anaweza kukuambukiza fangasi wa ngozi au bakteria wa salmonela, kwa hiyo aliyemgusa anawe kwa sabuni kabla ya kula. Akikuuma, kama ilivyo kwa mnyama yeyote, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Ukimkuta njiani mchana, akiwa mzima, hamishia chini ya kichaka kilicho karibu upande aliokuwa akielekea. Tumia karai, au kitambaa kinene. Usimsukume kwa mti ili afunguke, maana kila ukimsukuma saa yake ya kusubiri inaanza upya. Mbwa wafungwe kwa muda. Akiwa ameumia au ameungua, mweke katika boksi lenye matundu na majani, mahali penye giza na utulivu, umpe maji kwenye kifuniko, na umwarifu chifu au kituo cha KWS kilicho karibu siku hiyohiyo.

Yule mzee wa debe tulimsindikiza nyumbani magiriba. Alimweka kalunguyeye wake kwenye ukingo wa shamba, chini ya mkinyonge wa mawe na lantana, tukasogea nyuma. Giza lilipoingia alifunguka, akajikung'uta, akaondoka kwa miguu mirefu kuliko tulivyodhania. Chini ya uzio, hatua kama 40 kutoka hapo, tulikuta shimo lililochimbwa upya na mwiba mweusi na mweupe wenye urefu wa kiganja na nusu. Mwizi wa viazi alikuwa ameacha kitambulisho.

Kwa vyama vya mazingira shuleni, kazi ya wiki hii ni hii. Chagueni njia nyembamba kando ya ua wa shule, mahali penye nyasi. Jioni mtandaze majivu laini au vumbi lililochekechwa, upana wa mita moja, na katikati mweke kifuniko chenye maji. Asubuhi kabla ya gwaride mtazame nyayo na mzichore kwa kipimo. Alama ndogo zenye vidole vitano mbele na vinne nyuma, hatua zikiwa fupi, zitakuwa za kalunguyeye. Rudieni kwa usiku tatu mfululizo, mwandike tarehe, hali ya mvua na mlichokiona, na mwalimu alete michoro katika ofisi ya mazingira ya wadi.